Simu Ilisema Nafungua Sabato

Mke wa kijana wangu ni mtu wa kule ziwani, anafanya kazi ya kompyuta Nyamira mjini. Alinitengenezea ukurasa wa mtandao wa hoteli yangu ya matoke hapa sokoni Magwagwa. Picha ikatoka vizuri, hata moshi unaonekana. Mimi nikafurahi. Yeye bado.

"Maama, watu wataelewa, lakini mashine ya kutafuta mtandaoni haitaelewa," akasema na ile sauti yake ya kuimba. "Wacha niiwekee lebo huku nyuma, mahali watu hawaoni. Hili ni jina, hii ni bei, hizi ni siku za kufungua."

"Kumbe hiyo mashine mnaisifu hivyo, haijui matoke ni matoke mpaka iandikiwe? Hata mbuzi yangu inajua."

Akacheka, akabandika lebo zake.

Wiki haijaisha, mwenyekiti wa akina mama kanisani akanijia na simu mkononi, anaongea kwa pua: "Daaada, wewe ni shemasi wetu. Simu inasema Jumamosi umefunguuua, Jumapili ndio umefunga. Baraza itakuvua ushemasi."

Mimi! Mtu anaosha vikombe vya Meza ya Bwana tangu huyo mama hajaolewa huku!

Nikapigia mke wa kijana simu. Akafungua lebo zake, akaona: "Woi, Mama. Si sisi kwetu tunaenda kanisa Jumapili? Niliandika tu vile nimezoea."

Akarekebisha hapo hapo. "Lakini mashine lazima irudi isome upya, Mama. Inaweza kuchukua siku kadhaa."

Imepewa ukweli na bado inaomba siku za kufikiria! Kama chifu.

Jumamosi, Sabato yetu, ikafika, simu bado inadanganya. Nikakaa benchi ya mbele kabisa. Waliokaa nyuma wakaniambia baadaye: katikati ya mahubiri mwenyekiti akachungulia simu, akanitazama, akatoka. Mimi niko hapa anaona mgongo yangu, yeye anaenda kunitafuta sokoni!

Akakuta kufuli. Akauliza muuza mboga wa jirani, "Huyu amefunga saa ngapi?"

"Amefunga tangu jana jioni. Na wewe, leo si Sabato yenu? Unatafuta nini soko?"

Hiyo swali ikamtangulia kufika kanisani. Baraza ilipokaa, mzee wa kanisa hakuniangalia hata. Akamgeukia yeye: "Dada, wakati wa mahubiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwaaa... nilikuwa naangaliaaa..."

Mzee akasimama, akaomba sala fupi, akasema kila mtu aende kwake. Ushemasi hakuna mtu aliutaja tena.