Dakika Hamsini za Kuifufua Ruta ya Bi. Muniamma

Saa sita na dakika kumi mchana. Mwanamke mwenye mwavuli amesimama katikati ya barabara ya udongo ya bonde la Waisavu, na hasogei. Vilisi Tokailagi anakanyaga breki. Gari linaserereka kwenye tope na kusimama hatua mbili tu kutoka kwenye mwavuli.

"Mama, utagongwa!" Vilisi anapaza sauti dirishani.

"Nigonge, halafu uingie ndani utengeneze ruta," anajibu yule mwanamke. "Mume wangu anapasuliwa moyo saa saba na nusu. Yuko India. Saa saba kamili wanamchukua. Sijamwona tangu Jumapili."

Ni Bi. Muniamma Goundar, mwenye umri wa miaka sitini na sita. Nyumba yake haimo kwenye orodha ya Vilisi ya siku hiyo. Vilisi anaitazama saa, anaitazama orodha, kisha anazima gari.

Vilisi ana miaka thelathini na minane. Ni fundi wa kampuni ndogo ya mtandao mjini Savusavu, mji mdogo wa kisiwani. Miaka sita iliyopita aliajiriwa kushika ngazi tu, mafundi wanaume walipokuwa wakipanda juu ya mapaa kufunga dishi. Kazi aliiiba kwa macho. Leo analipwa dola saba kwa saa na hana cheti chochote.

Wiki hiyo ya Machi ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuziona. Usiku wa Jumapili kampuni ilituma programu mpya kwenye ruta za wateja wake wote, kazi ambayo kwa kawaida hupita watu wakiwa wamelala, wasijue kitu. Asubuhi ruta sitini na tatu, vile visanduku vya kugawa mtandao nyumbani, ziliamka kama mtu aliyepigwa na butwaa. Taa zinawaka, mtandao haupiti. Mipangilio ya zamani ilikuwa imegombana na programu mpya.

Dawa ilikuwa moja: kuirudisha kila ruta ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, isahau kila kitu, kisha kuifundisha upya.

"Watu wanadhani ni kubonyeza tu," anasema Vilisi. "Kubonyeza hata kuku anaweza. Kasheshe ni kwamba ukishabonyeza huna pa kurudi. Kama huna jina na paswadi ambayo mteja alipewa na kampuni siku ya kwanza, basi umemmalizia mgonjwa."

Hilo alikuwa amelijua kwa uchungu Jumanne, siku mbili kabla. Kwa haraka aliifuta ruta ya bibi mmoja kabla ya kuuliza karatasi iko wapi. Karatasi haikuwepo, na ofisini faili la nyumba ile halikuonekana mpaka kesho yake. Jioni hiyohiyo mjukuu wa yule bibi alikuwa anafunga ndoa Sydney, na ndugu walikuwa wamepanga aione harusi kwenye skrini.

"Hakunigombeza," anasema Vilisi. "Aliniambia tu, 'Nimevaa nguo nzuri bure.' Afadhali angenipiga kofi."

Kwa hiyo Alhamisi hii, sebuleni kwa Bi. Muniamma, hakugusa kitu kwanza. Aliunganisha kompyuta yake kwa waya ili anakili mipangilio ya zamani, lakini ruta ilikuwa imeganda. Ukurasa haukufunguka. Akajaribu tena. Haukufunguka.

"Mama, kuna kikaratasi mlichopewa siku mliyofungiwa mtandao. Kiko wapi?"

Bi. Muniamma alileta bati la biskuti. Humo mlikuwa na risiti za mbolea, kadi za kliniki, picha ya pasipoti ya mtu aliyekwishafariki, na kikaratasi chenyewe. Mende walikuwa wamekila nusu. Jina la mteja lilisomeka. Paswadi ilibaki herufi mbili za mwanzo.

Saa sita na dakika ishirini na tano.

Bondeni simu za mkononi hazishiki. Ukitaka kupiga, unapanda mpaka kwenye tangi la maji, mwendo wa dakika saba kwa gari, na hapo hupita sauti tu, tena kwa kukatikakatika.

"Twende wote juu," Vilisi alisema. "Hata video isipokubali, utamsikia, naye atakusikia."

"Atanisikia kwa masikio yapi?" Bi. Muniamma akamkatiza. "Miaka thelathini kwenye kiwanda cha mbao, misumeno imemla masikio yote. Yule husoma midomo. Na midomo ya watu wengine inampiga chenga, hata ya mtoto wake. Yangu tu ndiyo anaiweza. Wewe mwenzangu, unataka aingie kupasuliwa bila kujua nimemwambia nini?"

Vilisi akapanda peke yake. Gari lilikwama mara moja kwenye kona, likajinasua. Kwenye tangi la maji alisimama juu ya boneti, simu sikioni, mvua ikimchapa. Ofisini alipokea Salaseini, karani.

"Nyumba ya Goundar, Waisavu. Nisomee paswadi, shoga, haraka."

"Haraka yako haifungui kabati. Subiri." Simu ikakatika. Akapiga tena. "Haya, andika. N ya Nadi."

"Hiyo ninayo."

"L ya Levuka. T ya Taveuni. O. Saba. Saba. B."

"B ya Ba au D ya Denarau?"

"B ya Ba! Umekuwa kiziwi?"

"Ni mvua, dada. Asante."

Alirudi saa sita na dakika arobaini na nane. Bi. Muniamma alikuwa amevaa sari ya kijani na kupaka rangi ya mdomo nyekundu iliyokolea. "Ili aione vizuri," alisema. Tableti ilikuwa imesimamishwa mezani ikiegemea kopo la chumvi.

Vilisi alipiga magoti. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Akaingiza pini, akabonyeza, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tano. Taa zote zikazimika kwa pamoja.

"Imekufa?" aliuliza Bi. Muniamma.

"Inasahau, mama. Ngoja."

Dakika mbili nzima ruta ilikaa gizani. Anachokumbuka Vilisi ni harufu ya bizari kutoka jikoni, na kwamba alikuwa anasali huku macho yakiwa wazi. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ukurasa ukafunguka. Akaandika jina, akaandika paswadi.

Taa ya mtandao ikabaki nyekundu.

Akaandika upya, polepole, herufi moja moja. Nyekundu. Saa sita na dakika hamsini na tatu.

"Binti," Bi. Muniamma alisema kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Haiwezekani?"

Vilisi alikitazama kile kikaratasi kilicholiwa na mende. Mwandiko ulikuwa wa fundi ambaye Vilisi alikuwa akimshikia ngazi miaka ile, aliyejaza pia faili la ofisini, na mtu huyo sifuri yake na O yake zilikuwa ndugu mapacha. Akafuta O. Akaweka sifuri.

Kijani.

"Mwanzoni mtandao wenu wa ndani uliitwaje? Nikiweka jina lilelile na paswadi ileile, tableti itaunga yenyewe."

Bi. Muniamma aliona haya. "Mwanangu ndiye aliyeweka. Usicheke. Mzee Anakoroma."

"Na paswadi?"

"Sana Tu."

Vilisi hakucheka. Hakuwa na nafasi. Saa sita na dakika hamsini na sita tableti iliita, na uso wa Mzee Subarmani Goundar ukajaa kwenye skrini, kofia ya plastiki kichwani, mtoto wao Dharmen akiwa amemshikia simu.

"Ulikuwa wapi?" mzee alifoka. "Siku nne!"

"Ruta ilikufa," mkewe alijibu, akiipanua midomo kila neno.

"Nilikwambia usichomoe ule waya mweusi."

"Sikuchomoa kitu mie! Unakwenda kupasuliwa bado unanisingizia?"

Dakika moja nzima waligombana juu ya waya mweusi. Vilisi, bado magotini chini ya meza, alitamani kuwapigia kelele waache. Kisha mzee akaisogelea skrini.

"Muni. Yule mbuzi mweupe ana mimba. Usimfunge mteremkoni."

"Sitamfunga."

"Naogopa."

"Ogopa kidogo," alisema Bi. Muniamma, taratibu, ili kila herufi imfikie. "Kidogo tu. Nyingine niachie mimi."

Wauguzi wakaja. Skrini ikawa nyeusi.

Vilisi alikuwa na nyumba tatu za kuhudumia mchana huo. Hakwenda hata moja. Alikaa sakafuni akiitazama taa ya kijani, kwa hofu kwamba akigeuza kisogo tu itazimika. Bi. Muniamma alimletea roti na mchuzi wa njegere, na hakuna aliyekula. Saa kumi na mbili kasorobo Dharmen alipiga. Moyo unadunda wenyewe, alisema. Baba anapumua.

Kesho yake meneja alimkemea kwa zile nyumba tatu. "Wateja wale walikuwa na haki ya kulalamika," anasema Vilisi. "Nao labda walikuwa na mtu wao wa kumwona."

Mzee Goundar alirudi baada ya wiki saba, amekonda. Alipokutana na Vilisi sokoni alimnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyefanya nigombezwe kwenye kitanda cha wagonjwa," alisema, kisha akampa mapapai mawili.

Siku hizi, kwa ruhusa ya meneja, Vilisi huacha bahasha iliyofungwa kwa gundi katika kila nyumba, ndani yake jina na paswadi, sifuri zote zimekatwa mstari. Amekwishafikia nyumba arobaini na moja. Lakini usingizi wake bado ni wa mang'amung'amu kila anaposikia kampuni inatuma programu mpya.

"Najua kuifanya," anasema. "Sijui kwa nini inakubali. Siku ile ingekataa ile sifuri, nisingekuwa na jingine la kujaribu."

Mwezi Januari kuna kozi ya mitandao ya miezi sita mjini Suva, na ameomba nafasi. Majibu hayajaja, na hesabu za mtihani wa kuingilia zinamtisha. Fomu ilikuwa na swali moja lililomchukua jioni mbili: kwa nini unataka kusoma? Aliandika mistari mingi, akaifuta yote. Mwishowe aliandika maneno mawili tu.

"Nimechoka kubahatisha."