Buni Isiyoumwa

Abba Dura ni jirani yangu hapa Gomma, na sijaona mtu anayejua mambo mengi hivyo bila kujua hata moja. Kazi yake ni kuotesha miche ya kahawa. Akipita na mfuko wake wa mbegu, utadhani amebeba mtoto wa mfalme.

Mwaka ule ugonjwa ulimaliza kahawa ya mjane Dirribe, ukabakiza mti mmoja. Shemeji yake akamwambia wazi: shamba lisipopandwa mvua kubwa zikianza, analichukua. Dirribe akampa Abba Dura buni za mti ule amwoteshee miche.

Jamaa akaja kuchuma mwezi mzima kabla ya wakati, eti kitalu chake kiwe cha kwanza. Buni zilikuwa za njano, nyingine kijani kabisa.

"Uma moja kwanza," Dirribe akamwambia. "Iliyoiva inapasuka yenyewe, tamu."

"Dada, kuuma buni ni kazi yenu wanawake, mkizipasua kwa meno na kuzikaanga kwa siagi kualika majirani. Mimi natazama tu najua."

"Macho yenyewe ndiyo hayo?" nikamtupia kutoka uani kwangu.

"Wewe Lomitu, angalia chungu chako kisiungue."

Dirribe akamwachia, fundi ndiye huyo. Abba Dura akamaliza matawi ya chini, ya juu akasema atarudi kesho. Mwanaume mzima, anaogopa ganda la buni! Alipoondoka niliokota moja aliyoiangusha, nikaiuma. Ngumu, kali, na mbegu ndani bado maji. Kesho yake akarudi, akamaliza na za juu.

Miezi miwili, kitalu kimya. Akalaumu udongo, akalaumu kuku, akalaumu mwezi. Mimi nilikuwa nikipita kila asubuhi makusudi, nakohoa. Mwishowe akafukua mbele za watu: mbegu zimeoza. Miche tisa tu ndiyo ilitoka, myembamba, ya kuhurumia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mvua zikaanza. Shemeji akaingia shambani na maksai wake. Dirribe akaja kwangu na ile miche tisa, kuomba kona ya kuipanda.

"Lomitu, siku ile ya kuchuma ulikuwa unatafuna nini?"

"Buni yako."

"Ilikuwaje?"

"Mbichi."

"Na siku ile za juu zilikuwa bado mtini, zingengojwa ziive."

"Zilikuwepo. Nilitaka aaibike."

Hakunitukana. Alichimba mashimo tisa, akapanda, akanawa mikono. Tangu hapo, akikaanga buni kwa siagi, harufu inafika mpaka kwangu. Haniiti.