Simu ya Sijaona Nilikuwa Mimi

Sijaona binti Tajudini ni fundi cherehani wa mtaa wa Carama. Mimi, Massoudi, nauza uzi, vifungo na zipu huku mtaa wa Cibitoke. Mwaka mzima nimekuwa simu yake, kazi ambayo sikuiomba na wala silipwi.

Chanzo ni mkasi. Siku moja alikuwa akikata satini ya bibi harusi huku simu ameibana kati ya sikio na bega, mtu akimuuliza habari za sketi ya mtoto. Mshika mbili moja humponyoka: alikata mkono wa gauni kwenye kitambaa cha kifua. Bibi harusi alilia, akaolewa na gauni la kuazima. Kina mama wa Carama walimcheka Sijaona miezi miwili. Yeye hakujitetea. Alimpa dada yake ile simu, akarudi kwenye cherehani.

"Na batu bakikutaka?" nilimuuliza.

"Nyumba yangu iko na mulango, kaka. Haijahama."

Ni rahisi kusema. Watu hawakwenda mlangoni, walinipigia mimi ninayemuuzia uzi! Massoudi, mwambie apunguze kiuno. Massoudi, mwambie aongeze vifungo. Nilibeba yote kichwani, na yeye akija Jumatano kuchukua uzi namwagia, na malalamiko juu. Alinisikiliza kwa upole, akachagua uzi wake, akaenda zake. Kusema kweli nilimwonea wivu. Alikuwa ameanza hata kunenepa.

Kisha Mama Assia akampa ashone gauni la harusi la binti yake. Nilijua huo ndio mtihani. Akiharibu na hili, hakuna mtu Carama atakayempa hata foronya. Harusi ilikuwa Jumapili.

Jumatatu Mama Assia akanipigia. Likizo ya bwana harusi imekatwa, nikaha sasa ni Ijumaa. "Umwambie leo leo, Massoudi."

"Bila wasiwasi, mama."

Sijaiweka simu chini, ikaita tena. Salvator, anayeniletea zipu, anasema mzigo umechelewa. Tulipigizana kelele nusu saa nzima, na nikaha ya Assia ikatoka kichwani mwangu kama haikuwahi kuingia. Jumatano Sijaona alikuja, akachukua uzi mweupe. Nikalalamika kama kawaida yangu, akaondoka.

Alhamisi baada ya adhuhuri Mama Assia akapiga. "Kesho saa mbili asubuhi nakwenda chukua nguo. Iko bien, iko tayari?"

Hapo ndipo nikakumbuka. "Iko," nikasema, Mungu anisamehe.

Nilimwachia jirani duka, nikarukia baiskeli ya abiria, nikamhimiza mwendeshaji mpaka akanigombeza. Njia nzima nilimwona Sijaona akichekwa tena, na safari hii kosa si lake. Ni langu mimi, mwenye simu! Niliona aibu iliyonichoma.

Nilimkuta amekaa anakunywa chai.

"Dada, arusi ni kesho!"

"Eh? Si walisema Jumapili?"

"Wamebadilisha. Waliniambia Jumatatu, mi nikasahau."

Akaweka kikombe chini. "Bon. Kesho ni kesho. Mi nilimaliza jana jioni."

"Jana? Na ulikuwa na siku nyingi bado!"

"Sasa nani alikuwa ananiita? Nilikaa, nikashona, ikaisha."

Akafunua shuka safi lililoning'inia ukutani. Gauni lilikuwa pale, limepigwa pasi, na mikono yote miwili iko mahali pake. Nilikaa chini mkekani. Machozi yalinitoka, mzee mzima, na sikuyaficha. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, hilo tu ndilo nililoweza kusema.

Sijaona akanimiminia chai. "Na jana pale dukani, mbona hukuniambia?"

"Salvator alinipigia simu Jumatatu, habari yako ikanitoka."

Alicheka mpaka akakohoa. "We Massoudi! Basi mupigie Mama Assia, umwambie akuje hata leo."

Nilipapasa mfuko wa kulia, nikapapasa wa kushoto. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya meza dukani, na hapo ilipo lazima ilikuwa inaita. Nilinyoosha miguu, nikamwomba Sijaona aniongezee sukari.