Beki Aliyebadilishwa kwa Wasichana Watatu

Jacinta Nekesa alikuwa na miaka thelathini na tisa timu ya Morningside ilipomchukua, nayo ikaipa timu yake ya Bluff wasichana watatu badala yake. Katika mpira wa magongo ambao halipwi mtu, mabadilishano ya namna hiyo hayakuwa ya kawaida. Lakini Billy, kocha Mkenya aliyewahi kumwona akicheza Nairobi, alimfuata mwenyewe hadi kwenye maabara ya chuo alikofanya kazi ya ufundi, huko ugenini.

“Jacinta, sikufichi,” alisema. “Wachezaji wangu wazuri wameanza kuchoka. Mwaka huu nataka ligi. Nikishaichukua nitaanza upya na vijana. Nahitaji beki asiyetetemeka.”

“Na mimi nikichoka?”

“Wewe choka mwaka ujao,” Billy alisema, wote wakacheka.

Jacinta alikubali siku hiyo hiyo. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amtafute kwa jambo ambalo si mashine iliyoharibika.

Aliyenuna ni Ernestina, Mtanzania wa Bukoba, kipa wa Bluff. Kwa miaka sita, kila Jumapili yeye na Jacinta walitoka uwanjani pamoja wakaenda kwa Ernestina, wakapika ndizi na kuteta watu mpaka giza liingie.

“Nenda, mwenzangu,” Ernestina alisema bila kuinua macho. “Sisi kombe la kukupa hatuna.”

Huko Morningside alikuta wakongwe wengine watano, kila mmoja ametolewa timu yake. Mazoezi yalikuwa Jumapili. Yakiisha, kila mtu aliwasha gari kuwahi mume na watoto. Jacinta alibaki kwenye benchi akifungua viatu, kisha akashuka kilima kutafuta taksi ya kumrudisha Sydenham, alikopanga chumba. Hakuna aliyemkosea. “Sharp, Jacinta,” walimuaga kwa lugha ya vijana wa huko wakiondoka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili moja, mwezi wa saba, Ernestina alimwandikia kwamba mama yake anaumwa, hivyo yeye anarudi Bukoba kabisa, basi linaondoka jioni hiyo. Jacinta aliusoma ujumbe huo akiwa amekwisha kuvaa jezi. Alijibu, “Safari njema, tutaongea,” akaingia uwanjani. Hawakuongea.

Mechi ya mwisho ya ligi, Morningside waliongoza mbili kwa moja, zimebaki dakika tatu. Wapinzani wakapata kona fupi, adhabu inayopigwa karibu kabisa na goli. Jacinta alikimbia kulikabili shuti, mpira ukamgonga muundi hadi akaona nyota, lakini golini haukuingia. Filimbi ikalia. Wakawa mabingwa. Walikumbatiana, wakapiga picha, na baada ya nusu saa magari yakawa yametoka yote.

Alimpigia simu dada yake aliyeko Bungoma.

“Tumechukua ligi!”

“Ligi gani tena? Kwani bado unacheza na umri huo? Uko na nani hapo?”

“Niko na wenzangu,” Jacinta alisema, peke yake uwanja mzima, barafu aliyofungiwa ikimyeyukia mguuni.

Wiki mbili baadaye Billy alimpigia simu. Alimshukuru sana, akasema wakongwe wote sita wanapumzishwa. Jacinta hakuwa na wa kumlaumu, maana aliambiwa mapema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alirudi Bluff kuomba nafasi. Wale wasichana watatu walikuwa wakikimbia kama swala, na mmoja wao ndiye aliyeshika nafasi yake. Kocha alimpokea kwa heshima, akamwambia akitaka atakaa benchi, awe anaingia mechi zikielekea kuisha. Golini alisimama kipa asiyemjua.

Jacinta alisema atakaa. Jioni hiyo alitafuta namba ya Ernestina, akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kupiga.

“Nimesikia mlichukua ligi,” Ernestina alisema. “Hongera.”

“Asante. Mama anaendeleaje?”

“Tulimzika mwezi uliopita.”

Jacinta alikaa kitandani. “Pole, dada,” alisema. “Nilipaswa kuja kukuaga.”

“Ulipaswa.”

Lakini hakuna aliyekata simu.