Vifaranga Waliopinda Mkia

Sogea karibu kidogo, kwa sababu jambo hili halionekani ukiwa umesimama mbali. Kifaranga wa kambare wa siku moja ni mdogo kuliko punje ya mchele, na mkia wake unafaa kunyooka kama uzi uliovutwa. Katika kituo kidogo cha kutotolea samaki nilikofanya kazi, nje kidogo ya Kisumu, tulipata karai zima la vifaranga waliopinda.

Tulikuwa wawili tu pale: mimi na mama mmoja kijana kutoka Migosi, mwenye mimba ya kwanza ya miezi saba. Yeye ndiye aliyewaona, Jumanne asubuhi. Migongo imejikunja kama ndoano, wanazunguka mahali pamoja.

"Mzee, njoo uone! Hawa wamekunywa chang'aa!" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Kesho yake alisimama mlangoni, uso ameugeuzia barabarani.

"Nimekuja kuaga. Mama mkwe amesema mjamzito akicheka kiumbe mlemavu, mtoto atatoka hivyo hivyo. Na nilicheka, Mzee. Nilicheka sana."

Mkono wake haukutoka tumboni. Ningeweza kumwambia hayo ni maneno ya watu tu, lakini hofu haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Alihitaji kujua sababu yenyewe, nami sababu niliijua. Nilikuwa nimeificha. Mwenye kituo nilimwambia ni maji mabaya.

Nikabeba makarai mawili hadi mlangoni, nikayaweka kwenye mwanga.

"Hili la kushoto, angalia. Wamenyooka?"

Alichungulia kwa jicho moja. "Wamenyooka."

"Maji ni yale yale. Dume ni yule yule. Majike wote wawili niliwadunga sindano ya kuivisha mayai Jumamosi jioni. Mama wa hawa nilimkamua mayai alfajiri. Mama wa waliopinda nilimwacha, nikaenda kanisani."

"Kwa nini?"

"Nilihesabu saa kama za wakati wa mvua, maji yakiwa baridi. Lakini wiki hii ni joto, na maji yakiwa na joto mayai huiva upesi. Halafu kwaya yetu ilikuwa na wageni, ibada ikarefuka. Niliporudi mayai yalikuwa yamepitiliza tumboni mwa mama yao. Mayai ya namna hiyo hutoa watoto waliopinda. Walipinda kabla wewe hujacheka. Kabla hata hujawaona."

Alitazama karai moja, kisha lingine. Polepole mkono ukashuka.

"Kwa hivyo ni wewe uliwapinda!"

"Ni mimi."

"Na mimi usiku mzima naomba toba ya kicheko! Mzee, huna aibu. Utamwambia mwenye kituo?"

"Leo hii."

"Nitasikiliza nikiwa hapa hapa." Akavua viatu, akaingia. "Sasa nifundishe hiyo saa ya kukamua, maana wewe na kwaya yako hatuwezi kuwaamini."

Nilimfundisha hivi, nawe ufanye hivyo hivyo. Ukishamdunga jike, pima joto la maji; yakiwa na joto, punguza saa za kungoja. Saa ikikaribia, usitoke. Mpapase tumbo taratibu kwa kidole gumba kuelekea mkiani, na mayai yakitiririka bila kulazimishwa, mkamue hapo hapo.