Mvua Ikija, Niamsheni

Harufu ya vumbi lililoguswa na matone ya kwanza ya mvua hunishtua mpaka leo. Majirani hapa Isiolo mjini hushangilia, hutoa ndoo na karai nje. Mimi hukimbilia vyumbani kwanza, nione kama kila mtu anapumua. Mume wangu hunicheka. Acha acheke, yeye hakulelewa na Akko.

Akko ndiye nyanya kwetu Waborana, na wangu aliishi kijijini Kulamawe. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Baba alikuwa amehamia mbali na ng'ombe waliobaki, mama alitoka alfajiri na punda kutafuta maji, nyumbani tukabaki mimi, Akko na mbuzi mmoja wa maziwa ya kulowesha kikombe tu. Hata kobe wa uani alijifukia chini ya ua wa miiba. Nilipotaka kumfukua, Akko alinichapa mkono. "Wacha yeye! Amelala, anangoja mvua. Ukimwamsha saa hii ataamkia nini?"

Wakati huo huo mwalimu wetu wa sayansi akatuletea neno la Kiingereza: haibaneti. Alisema asili yake ni Kilatini, ni kupitisha majira ya baridi. Kwamba Ulaya kuna wanyama wanaolala miezi bila kula, na ukimwamsha mmoja kabla ya wakati wake anaweza kufa. Baridi gani, jamani, kwa watoto wa Kulamawe? Lakini neno tulilipenda. Mwenzetu Guyo aliposinzia palepale, darasa zima likapiga kelele, "Mwalimu, Guyo amehaibaneti!" Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi, na mwalimu akaendelea kusema peke yake.

Nilimpelekea Akko neno langu. Alijaribu kulitamka, likamshinda. "Basi hata mimi nitalala hivyo," akasema. "Mvua ikija, niamsheni." Akanisukumia kikombe cha maziwa, eti yeye ameshiba, na siku zilizofuata vivyo hivyo.

Akaanza kulala kweli. Kwanza mchana, halafu na asubuhi pia. Mama aliporudi gizani alimkuta amejifunika, nami nikamwambia Akko amekula. Si ndivyo mwenyewe alivyosema?

Jumamosi moja jirani yetu, Mama Halima, akaja mlangoni. "Salaam aleikum! Akko yuko?"

"Amelala."

"Tangu lini?"

Nilitanua mikono nikaziba mlango. "Usimwamshe, atakufa!"

"Toka hapo, wewe!" Nilimuuma mkono, wallahi, lakini alinisukuma akapita. Alimwita Akko, akamwita tena. Alipomwinua kichwa, shingo ililegea, na midomo ilikuwa imepasuka. "Huyu amelala? Huyu ni njaa!"

Alikimbia kwake akarudi na uji mwepesi. Alimtilia kijiko kwa kijiko, uji ukamwagika kidevuni. Mimi nililia kwa hofu na hasira, maana nilijua anayemuua ni Mama Halima. Nilikodolea macho koo la Akko. Halikusogea. Likakaa vile, likakaa, kisha likameza.

Baada ya muda mrefu akafungua macho. "Mvua imekuja?"

"Bado," Mama Halima akasema.

"Sasa mbona mmeniamsha?"

Mama Halima alicheka huku machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo mama hakuondoka asubuhi kabla ya kumwona Akko akimeza, na mvua iliponyesha tulimkuta Akko amekaa nje, akimtukana kobe kwa kuchelewa kutoka.

Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nikakumbuka alichokuwa akisema mwalimu wakati sisi tunamcheka Guyo. Hao wanyama hula kwanza, wakanenepa, ndipo wakalala. Akko alilala mifupa mitupu. Nyumbani kwetu mwaka ule, aliyenenepa nilikuwa mimi.