Rangi ya Bluu kwenye Nyumba ya Babu

Serikali ilipotaka kuitwaa nyumba ya babu pale Mukendo ili itunzwe kama urithi wa kale, mimi nilifurahi, shangazi akanuna. Babu alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake ya udongo ndiyo kongwe kuliko zote mtaani. Shangazi alizaliwa humo. Sasa aliambiwa atahamishiwa Buhare.

"Mimi nalalaga hapa tangu nazaliwa," alisema. "Buhare nitaenda kufanya nini?"

Tulipoambiwa wakaguzi wanakuja, nikaona mgeni wa serikali hapokelewi kwa kuta zenye nyufa. Nikanunua rangi ya mafuta, bluu inayong'aa, nikapaka ukuta wote wa mbele. Ukapendeza kweli! Nikajiona mtu wa maana.

Afisa wa mambo ya kale alishuka garini, akatazama, akavua miwani. "Nani kafanya hivi?"

Niliona aibu. Kumbe nilikuwa nimefunika kilekile alichokuja kukitafuta. Alisema ukuta wa zamani usiporudi, nyumba itaondolewa kwenye orodha. Na baba zangu wadogo walikuwa wameshapata mnunuzi wa kuibomoa ajenge fremu za maduka.

Shangazi akaona heri Buhare kuliko nyumba ya baba yake kubomolewa. Tulikwangua rangi siku tatu, vidole vikanichubuka, nami nilistahili. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akaagiza udongo wa kichuguu na mavi mabichi ya ng'ombe, akaukanda kwa miguu kama alivyofanya na mama yake kila mwaka kabla ya Idi. Akasiriba kwa kiganja, taratibu, huku akiimba.

Afisa aliporudi alimkuta kazini. Akamtazama weee, mwishowe akauliza, "Mama, nani mwingine anajua kusiriba hivi?"

"Labda walioko makaburini, baba."

Habari za Buhare zikaishia hapo. Serikali iliichukua nyumba, ikamwachia shangazi chumba cha nyuma awe mtunzaji wake. Baba wadogo walinuna mwezi mzima, kisha wakaja kula pilau.

Siku ya kufungua, afisa alileta daftari la wageni. Shangazi akataka jina lake liwe la kwanza, akanipa kalamu nimwandikie. Nilipofika palipoandikwa "Anakotoka," nikamuuliza nijaze nini.

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Si uandike humuhumu!"